Upande wa Njano

Ofisi ya Chama, ghorofa ya tatu
3 Julai

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Jumapili kwenye simu uliniambia salama, nami nikakujibu salama, kama kawaida yetu. Unakumbuka tulivyokubaliana nilipokwenda bweni: simu ni ya salama, barua ni ya kweli. Basi kweli ni kwamba naogopa.

Bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Katibu Mtendaji wetu, ambaye humu ndani tunamwita Mama Nakala kwa sababu hakuna anachoambiwa asikitakie nakala, aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Alisema mkutano mkuu wa mwaka wa Chama chetu cha wanasayansi utafanyika katikati ya Septemba, na mimi nimepewa vikao vya sera na maendeleo ya taaluma. Vikienda vizuri, nitathibitishwa kazini. Visipokwenda vizuri hakusema itakuwaje. Aliichukua kalamu yake tu akaifunika.

Ngoja nikueleze vikao vyenyewe, maana hata wanachama wengi hawavijui. Wanasayansi wanakuja kwa ajili ya mada zao na mabango yao ya utafiti. Vikao vyangu vimesukumwa ukumbi mdogo, ule uliopakana na jiko, baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa wanasinzia. Siku ya kwanza ni sera: mtu wa wizara anazungumza, kisha tunapitisha azimio kuhusu ajira za watafiti vijana. Siku ya pili kuna kikao kinachoitwa "Njia Niliyopita", ambapo wataalamu wanne waliofanikiwa wanakaa mbele na kuwaeleza vijana walifikaje walipofika. Siku ya mwisho ni Meza za Ushauri. Hapo kila mtu anabandikwa utepe chini ya beji. Wa kijani ni washauri, watu wenye kazi zao na maabara zao. Hao wanakaa upande wa ukutani. Wa njano ni wanaotafuta kazi. Wanapangiwa miadi na kupita meza hadi meza. Mwaka huu anakuja hata mkurugenzi wa maabara moja ya mbegu, anatafuta mtu wa magonjwa ya mbegu. Amesema hataki kusoma maombi ya mtu. Atazungumza na wa njano hapohapo mezani, basi.

Sasa ombi langu. Wataalamu watatu wa kukaa mbele nimewapata. Wa nne kajitoa. Mama Nakala akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Wa nne nani?" Kabla sijafikiri nikakutaja wewe. Nikasema dada yangu ni daktari wa magonjwa ya mimea, ana maabara kwenye kituo cha utafiti, ana hata jokofu lenye jina lake. Sijui kwa nini nilitaja jokofu. Nilipoanza kusema nilishindwa kunyamaza.

Njoo, dada. Nikikuona pale mbele nitajua la kufanya.

Mama anakusalimu. Juzi jirani kamletea mtoto mwenye homa, eti Daktari akija likizo amwangalie. Nikaeleza tena kwamba wewe unatibu mahindi na maharage. Jirani akasema, "Haya, na maharage nayo yana mama wa kukesha nayo?"

Mdogo wako,
Bwana Pasi (ndiyo, bado napiga pasi hata soksi)


14 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imenyooka kama shati la harusi. Pole na Mama Nakala. Watu wanaofunika kalamu polepole ndio wa kuogopwa.

Mimi ni mzima, nimechoka tu. Ni ule uchovu ambao unalala nao na unaamka nao, ukikusubiri kitandani kama mtoto.

Kuhusu kukaa mbele na kueleza njia niliyopita, hapana. Tafadhali tafuta mtu mwingine, sina la kuwaambia vijana. Lakini nitakuja kwa ajili ya zile meza za siku ya mwisho. Niandikie utepe wa njano, unipangie miadi na yule mkurugenzi wa mbegu, mapema kabla hajachoka na watu. Ninaloomba ni hilo tu, na naliomba kwa moyo wote.

Barua zako usizitume tena kituoni. Tumia anwani ya shule niliyoiandika nyuma ya bahasha. Mwalimu mkuu ni mtu wangu, atanifikishia.

Mwambie jirani maharage yana mama, na ndiye mimi.

Dada


Ofisi ya Chama
22 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu mpaka dada wa mapokezi akaniuliza kama nimepata barua ya mchumba. Umechanganya rangi! Njano ni wa wanaotafuta kazi. Wewe ni kijani. Usiwe na wasiwasi, nimeshakusahihishia. Huyo mkurugenzi wa mbegu humhitaji kwa miadi, kiti chako nimekiweka pembeni ya chake. Mtakaa bega kwa bega, mtazungumza ukungu na kuvu mpaka mchoke wenyewe. Ile miadi ya kwanza nimempa kijana mmoja aliyemaliza chuo mwaka jana, na zilizobaki zikajaa zote wiki hiyohiyo.

Jambo la pili usinikasirikie. Jina lako limeshachapwa kwenye programu, "Njia Niliyopita", mtu wa nne. Najua ulikataa. Lakini Mama Nakala alikuwa ameshakuandika, na ubavu wa kumwambia afute sikuwa nao. Tena nilijua ni unyenyekevu wako ule wa siku zote. Ulipopata udaktari wako uliwaambia watu umefaulu mtihani kidogo.

Azimio la kikao cha sera nimeliandika mara tatu. Mara ya kwanza niliandika kwamba mtafiti wa mkataba apewe notisi ya kutosha kabla mkataba haujaisha. Mama Nakala akafuta "apewe notisi", akaandika "ahimizwe". Mara ya pili akafuta "mkataba". Sasa linasema watafiti vijana wahimizwe kuwa wabunifu. Nikamuuliza kwa adabu, wabunifu katika nini? Akasema, "Kijana, unaandika azimio au unatunga mtihani?" Nikaomba radhi. Siku hizi naomba radhi hata kwa mlango.

Mama ameshawaambia majirani wote kuhusu programu. Anataka nakala. Sasa tuna Mama Nakala wawili.

Mdogo wako,
Bwana Pasi


1 Agosti

Shoga yangu,

Habari za dukani? Nasikia siku hizi unauza dawa za kikohozi na unawafokea wanaotaka kuzinywa bila kipimo. Afadhali wewe bado unashika chupa. Tulivyokaa meza moja, hadubini yako na yangu zikigusana, sikujua kwamba ningekuja kuionea wivu rafu ya dawa.

Nakuandikia kwa sababu ni wewe peke yako unayejua. Tangu mradi ulipofungwa Februari, wafadhili walipohamia ugonjwa mwingine, sijamwambia mtu nyumbani. Uongo sikusema. Nilinyamaza, na wao wakajaza wenyewe pale nilipoacha wazi. Nafundisha sayansi kwenye shule ya msingi, nashika nafasi ya mwalimu aliye likizo ya uzazi. Akirudi mwezi wa kumi natoka. Watoto ni wazuri. Wananiita Mwalimu wa Uyoga.

Sasa mdogo wangu kanialika kwenye mkutano wa Chama. Kwenye barua yake alitaja, kama mzaha, mkurugenzi anayetafuta mtu wa magonjwa ya mbegu. Shoga, niliisoma sentensi ile nimesimama. Nikamwomba aniweke upande wa wanaotafuta. Nilifikiri nitakaa pale nikiwa mmoja kati ya wengi, yule bwana anipime kwa ninachokijua, niende zangu. Mtoto akaona nimekosea rangi! Kanihamishia upande wa wenye kazi, kaniweka pembeni ya mkurugenzi mwenyewe, na kibao mbele yangu kinachosema natoka kituo cha utafiti. Nitamwombaje kazi mtu ninayekaa naye kama mwenzake, huku kibao kikisema ninayo?

Na siku moja kabla, nikae mbele niwaambie vijana nilifikaje. Nilifika wapi?

Nikimwambia kweli sasa, itabidi akamwambie bosi wake kwamba alimwahidi mtu ambaye hayupo. Na bado yuko majaribio. Nisipomwambia nikakaa pale mbele, nitakuwa sijanyamaza tena, nitakuwa nimesema uongo. Nishauri.

Mwenzio


9 Agosti

Wewe shoga,

Mwambie. Leo. Mtoto anapiga pasi soksi, unadhani atashindwa kunyoosha programu? Ana mwezi mzima.

Halafu jiulize vizuri, unamlinda yeye au unaulinda uso wako? Maana mimi niliporudi nyumbani na sanduku langu, mama alilia siku mbili, ya tatu akaniambia nioshe vyombo. Ndiyo ikaisha. Hawafi, shoga. Wanaosha vyombo.

Nina wateja watatu hapa wanakohoa kwa zamu. Nakubusu.

Mwenzio wa hadubini


OFISI YA KATIBU MTENDAJI
11 Septemba

Kwa: Karani wa Vikao
YAH: MSEMAJI WA NNE

Leo nimepiga simu kituo cha utafiti ili kuthibitisha usafiri wa msemaji uliyempendekeza. Nimejibiwa kwamba hayupo pale tangu Februari, na kwamba kitengo chake kimefungwa.

Kwa kanuni za Chama, msemaji na mshauri lazima awe na taasisi. Kwa hiyo mhusika hatakaa meza ya mbele wala upande wa kijani. Nataka maelezo yako kwa maandishi kabla ya mkutano kuanza, pamoja na jina la atakayekaa kiti cha nne.

Katibu Mtendaji

Nakala: Faili lako


12 Septemba

Dada,

Shikamoo. Jana jioni nilikupigia. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi, barua ya Mama Nakala iko mfukoni, nimeikunja mara nyingi mpaka ikawa kama kidonge. Uliniambia salama. Nikasubiri. Ukauliza habari za Mama. Nami nikasema salama, tukaagana. Nilibaki na simu sikioni muda, kama mjinga.

Wamepiga kituoni. Najua kuhusu Februari.

Nilianza barua ya kulaumu, nikaichana. Nikaanza nyingine ya kujifanya sikuumia, hiyo nayo nikaichana. Kisha nikatoa barua yako ya Julai nikaisoma kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Uliandika njano. Uliandika miadi, mapema, na kwamba unaomba kwa moyo wote. Yote yamo, dada. Kitu kimoja tu ndicho ulichoniomba, na mimi nikacheka, nikakipeleka kwa mtu mwingine. Sikuweza kukuona unatafuta. Toka utotoni wewe ndiye mwenye kupata, mimi ndiye natafuta, hata viatu.

Lakini na wewe. Miezi yote hiyo. Barua ni ya kweli, ulisema mwenyewe, tukiwa kituo cha basi, nikiwa nalia na sanduku la bweni. Ningejua ningefanya nini? Pengine nisingefanya kitu. Ningejua tu.

Nilimpigia kijana niliyempa miadi yako, nikitaka kumwomba airudishe. Kabla sijasema neno akaniambia, "Asante sana kaka, mama ameshanishonea shati la siku ile." Nikamwambia nimepiga kumkumbusha aje mapema.

Mama Nakala anataka maelezo. Nikisema sikujua, ni kweli, lakini karani asiyejua ndugu yake anafanya kazi wapi atajua nini kingine? Niambie unataka nini, na safari hii nitaandika kama ulivyosema, neno kwa neno. Mpe jibu dereva wa basi la asubuhi, ananifahamu.

Mdogo wako


15 Septemba

Mdogo wangu,

Nisamehe. Sina maelezo mazuri. Kila nilipokaa kukuandikia nilijiambia labda barua ijayo nitakuwa na habari ya kuweka pembeni ya hii, ili isifike peke yake. Nilitaka kusema: kazi imeisha, lakini. Niliingojea hiyo "lakini", haikuja.

Siku ya kwanza nilivaa nikatoka saa ileile ya kwenda kazini. Nilikaa stendi ya basi mpaka watu wakaanza kunisalimia kama mpiga debe. Baadaye nilipata shule hii. Nilirudi kituoni mara moja kuchukua kikombe changu nikaliona jokofu. Walishabandua jina, gundi ikabaki. Mtu kaweka chakula chake cha mchana mle nilimokuwa naweka sampuli.

Unaniuliza nataka nini. Nataka njano. Kama kuna kona ya njano, nitakaa. Kama hakuna, nitakaa nyuma nisikilize azimio lako la ubunifu. Ubunifu mimi ninao: nimewafundisha darasa la tano kukuza herufi kwa tone la maji juu ya kioo, kwa kuwa hadubini hatuna. Walipiga makofi. Wizarani hawajawahi kunipigia makofi.

Lakini usinitetee mpaka ukapoteza kazi yako. Nyumba moja, aliyefukuzwa mmoja anatosha.

Nakuja kesho kutwa kwa basi la jioni.

Dada


16 Septemba

Kwa: Katibu Mtendaji
YAH: MAELEZO KUHUSU MSEMAJI WA NNE

Mheshimiwa,

Ni kweli nilipendekeza msemaji bila kuhakiki mahali pake pa kazi. Nilimwamini kwa sababu ni dada yangu, na niliona kumuuliza ni kumvunjia heshima. Kosa hilo ni langu. Yeye alikataa kukaa mbele tangu Julai, kwa maandishi, na mimi sikukufikishia.

Nimepitia kanuni za vikao. Zinamtaka msemaji na mshauri awe na taasisi. Mwenye utepe wa njano hatakiwi kuwa nayo, anatakiwa tu kuwa mwanachama hai, na dada yangu ni mwanachama hai. Kwa hiyo nimemwandikia utepe wa njano. Miadi ya mkurugenzi wa maabara ya mbegu imejaa na sitamwondoa mtu yeyote. Nimezungumza na mkurugenzi kwa simu. Amekubali kumwona mtu mmoja zaidi wakati wa chai. Naomba ruhusa yako kwa hilo.

Kuhusu kiti cha nne, nashauri kibaki wazi. Kumpata mtu sasa na kumwita aliyefanikiwa bila kumjua ni kurudia kosa lilelile.

Naandika haya nikiwa na hofu, mheshimiwa, lakini nimeona ni afadhali uyasome kutoka kwangu.

Karani wa Vikao

Nakala: Faili langu


Nyumbani kwa Shoga
21 Septemba

Mdogo wangu,

Tulikuwa jengo moja siku tatu na hatukupata hata nafasi ya kunywa maji pamoja. Kila nilipokutafuta nilikuona mgongo: mara umebeba vibao, mara unamfuata Mama Nakala na faili, mara umepiga magoti unatafuta waya wa kipaza sauti. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa nikifungua dirisha hapa kwa Shoga naliona paa la ofisi yenu.

Kwanza nikuombe radhi kwa kilichotokea siku ya pili. Sikupanga. Nilikaa nyuma, karibu na mlango wa jiko, utepe wangu wa njano kifuani, nikiwa na amani kabisa. Wale watatu walizungumza vizuri. Yule profesa mwenye tai alieleza alivyotoka hatua moja hadi nyingine mpaka nikadhani ana lifti ndani ya nyumba. Vijana waliandika. Kisha yule binti wa mstari wa mbele akauliza, "Samahani, kile kiti cha nne ni cha nani?" Na mwenyekiti akajibu, "Mhusika amepata udhuru."

Neno hilo, mdogo wangu. Udhuru. Kama vile nimekwenda kwenye harusi.

Mkono wangu ulinyanyuka kabla yangu. Nikasema, "Ni changu. Udhuru sijapata, nimekosa kazi." Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Halafu wakauona utepe. Nikakuona mlangoni umeshika kinasa sauti. Ulifumba macho. Hapo ndipo nilipokumbuka kazi yako, na maneno yalikuwa yameshatoka.

Baada ya hapo uliitwa ukatoka, kwa hiyo hukusikia. Yule binti aliniuliza, "Ulijua lini kwamba inaisha?" Nikamwambia nilijua siku iliyoisha, tulipokuta notisi mlangoni, na sampuli zangu zikiwa bado kwenye kabati la joto zikisubiri kuoteshwa. Mwingine akauliza ningefanya nini tofauti. Nikasema ningeuliza mapema, na ningewaambia watu wa nyumbani siku ileile. Hakuna aliyeandika lile, lakini hakuna aliyesinzia. Hata mtu wa wizara, ambaye siku ya kwanza alilala kwenye hotuba yake mwenyewe, aligeuza kiti akanitazama.

Sasa mkurugenzi. Wakati wa chai siku ya mwisho alikuja mwenyewe na kikombe, akasema, "Wewe ndiye wa kiti?" Nikasema ndiye. Akaniuliza ningefanyaje nikiletewa maharage yenye madoa ambayo hayaonekani mpaka yameota. Tukazungumza mpaka chai ikafanya utando. Mwishoni akaniambia nafasi ni ya chini kuliko elimu yangu, na ni ya mkataba wa mwaka mmoja. Akajikunakuna shingo akisema hivyo.

Nikamuuliza, "Na notisi ni ya muda gani?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaacha kucheka, akatoa kalamu, akaandika nyuma ya programu yako: miezi mitatu. Akatia sahihi. Hiyo programu ninayo, iko hapa mezani, ina doa la chai.

Naanza mwezi wa kumi, mwalimu ninayemshikia nafasi akisharudi kutoka likizo ya uzazi. Mama nilimwambia jana, yote, hata la Februari. Akaniambia nimnyooshee kitambaa cha meza. Nilipomsimulia Shoga alipiga kelele: "Si nilikwambia? Hawafi, wanakupa vyombo uoshe!"

Nawe niambie wamekufanyaje. Usinifiche kama mimi nilivyokuficha.

Dada


OFISI YA KATIBU MTENDAJI
2 Oktoba

Kwa: Karani wa Vikao
YAH: MWISHO WA KIPINDI CHA MAJARIBIO

Kamati imekaa na kupitia taarifa ya mkutano. Imeona kwamba vikao vya sera na maendeleo ya taaluma vilihudhuriwa kuliko miaka iliyopita. Imeona pia kwamba taarifa za msemaji hazikuhakikiwa, na kwamba kiti kilichobaki wazi kililetea Chama maswali mbele ya mgeni wa wizara. Kwa sababu hiyo Kamati imeamua kutokuthibitisha kazini. Utamaliza mwezi huu na kukabidhi vifaa.

Kwa ombi la wajumbe waliotia sahihi baada ya kikao cha siku ya pili, neno "notisi" limerudishwa kwenye azimio. Nakala imeambatishwa.

Ukihitaji mtu wa kukutambulisha unakokwenda, nitaje. Nitakayoyasema yatakuwa ya kweli.

Katibu Mtendaji

Nakala: Faili lako


4 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Jana uliponipigia, nilikwambia salama. Ulikuwa na furaha, ulikuwa unaniambia kuhusu koti jeupe ulilopewa na jinsi mikono yake ilivyo mirefu, sikutaka kukukatisha. Lakini nilipokata simu nilichukua karatasi hapohapo, kabla sijavua viatu.

Hawakunithibitisha. Namaliza mwisho wa mwezi.

Usianze kujilaumu, maana nakujua. Kiti kiliachwa wazi na mimi. Jina nililitaja mimi, na jokofu. Na kile kinasa sauti nilichokuwa nimeshika, dada, sikukizima, nilikiacha kwenye kiti nilipoitwa nje. Kwa hiyo maneno yako yamo kwenye taarifa ya mkutano, nimeyaandika kama ulivyoyasema, na Mama Nakala aliyapitia kwa kalamu yake nyekundu akafika mwisho wa ukurasa bila kufuta. Alichoongeza ni koma moja.

Leo nilikuwa nakabidhi vifaa vya mkutano. Vibao, waya, boksi la tepe. Zilizobaki ni za kijani nyingi na za njano mbili. Msichana wa mapokezi akaniuliza kama nataka moja ya kumbukumbu. Nikamwambia asante, nitaikuta mwakani. Akacheka, kisha akaona sijacheka, akaniletea chai.

Ninaogopa, lakini si kama Julai. Julai niliogopa kitu ambacho hakijatokea, kikawa kikubwa kama chumba. Hiki kimeshatokea na kina ukubwa wake. Naweza kukizunguka.

Mama bado sijamwambia. Nitamwambia Jumamosi, nimeshaona vyombo vilivyopo.

Kuna jambo nataka unieleze, maana wewe umepita na mimi ndiyo naingia. Asubuhi ile ya kwanza, kabla ya stendi ya basi, ulipoamka na hakuna anayekusubiri popote, ulianza na nini? Mikono uliiweka wapi? Niandikie hata kama ni ukurasa mmoja. Kwenye simu usiniambie.

Mdogo wako,
Bwana Pasi